Si Kila Kilicho Safi Hunyweka

Ndugu zetu wasomaji, neno "dawa" katika lugha yetu ni neno pana mno. Kidonge cha homa ni dawa, na sumu ya panya ni dawa. Meno yana dawa yake, viatu vina dawa yake, na mkulima huinyunyizia dawa mikorosho yake. Upana huu hautudhuru maadamu msemaji na msikilizaji wote wawili wajua ni dawa gani inayotajwa. Madhara huingia pale neno linapotoka mahali pake likaenda mahali pasipokuwa pake, ikawa kitu cha kiwandani chanywewa nyumbani kwa sababu tu kimeitwa dawa, tena dawa "ya chakula".

Jambo hili ndilo lililotufanya tuandike habari za haidrojeni peroksaidi. Wengi waijua ile hafifu, iuzwayo katika maduka ya dawa ndani ya chupa ya rangi ya kahawia, nayo hutoa povu jeupe inapomiminwa juu ya kidonda. Lakini iko nyingine kali, ambayo juu ya chombo chake huandikwa kwa Kiingereza maneno ambayo maana yake ni "daraja ya chakula". Wako watu, katika nchi mbali mbali, walioyasoma maneno hayo wakadhani kuwa basi hicho ni kitu cha kunywewa. Na wako wauzaji waliowaambia kwamba matone yake katika gilasi ya maji huponya saratani, pumu na maradhi mengine mazito. Yatupasa tufahamu maneno hayo yana maana gani, yamewekwa kwa ajili ya kazi gani, na mpaka wake ni wapi. Kwani mwenye kuijua kazi ya kitu hakitumii kwa kazi isiyokuwa yake.

NI KITU GANI?

Chembe ya maji tunayokunywa imeungwa kwa haidrojeni mbili na oksijeni moja. Chembe ya haidrojeni peroksaidi imeungwa kwa haidrojeni mbili na oksijeni mbili. Kwa macho huwezi kuvitofautisha: vyote viwili vyang'ara, na vyote viwili vyamiminika. Lakini ile oksijeni ya ziada haikukaa kwa utulivu. Ikipata sababu ndogo, kama mwanga wa jua, joto, uchafu au kipande cha chuma, huachana na mwenziwe. Yakabaki maji, ikatoka hewa ya oksijeni, na pamoja nayo likatoka joto. Manufaa yote ya kitu hiki yako hapo, na hatari yake yote iko hapo hapo.

Hata lile povu la kidondani ni habari hiyo hiyo. Ndani ya damu na nyama zetu mna kimeng'enya kiitwacho katalasi, nacho huivunja peroksaidi mara inapoigusa. Mapovu tuyaonayo ni oksijeni inayotoka.

Aliyeigundua ni mtaalamu wa Ufaransa, Louis Jacques Thénard, mwaka 1818, kwa kuyatia tindikali madini ya bariamu. Akayaita maji yenye oksijeni. Njia ambayo viwanda huitumia zaidi siku hizi ilistawishwa Ujerumani katika miaka ya 1930 na 1940. Kitu kiitwacho anthrakwinoni huyeyushwa katika vimiminiko maalumu, kikapewa haidrojeni kwa msaada wa madini ya thamani yaitwayo paladiamu, kisha kikapulizwa hewa. Hapo haidrojeni na oksijeni hukutana ikazaliwa peroksaidi, ambayo huoshwa kwa maji ikatengwa, na anthrakwinoni ikarudi kuanza kazi upya. Twaeleza haya ili muulizaji ajue kwamba asili yake ni haidrojeni na oksijeni ya hewa. Haitolewi katika mnyama wala katika damu, na kwa upande huo hakuna la kutia shaka.

KAZI ZAKE NI NYINGI

Karatasi nyeupe tunazoandikia watoto wetu shuleni, nyingi katika hizo hupata weupe wake kwa peroksaidi inayoondoa rangi ya mti. Nguo za pamba kabla ya kutiwa rangi huoshwa kwayo. Maji machafu ya viwandani husafishwa kwayo. Mahospitali huitumia katika hali ya mvuke kusafishia vyombo visivyostahimili moto mkali. Na mwaka 2020, watu wa dunia nzima walipokuwa wakipaka mikono dawa kwa kuhofia ugonjwa wa korona, ndani ya mchanganyiko ulioelekezwa na Shirika la Afya Duniani mlikuwamo peroksaidi kidogo sana, asilimia 0.125 tu, nayo haikuwekwa kwa ajili ya mikono, bali kuua mbegu za vijidudu zilizoweza kujificha katika mchanganyiko wenyewe.

Basi angalia jinsi nguvu yake inavyopanda. Ile ya duka la dawa ni asilimia 3. Ile ya viwanda vya chakula kwa kawaida ni kati ya asilimia 30 na 50. Na ile iliyopita asilimia 80 ni ya kusukumia maroketi na mabomu ya chini ya bahari. Mwaka 1955 manowari ya Uingereza iitwayo Sidon ilipasuliwa bandarini na bomu lake yenyewe lililokuwa na peroksaidi ya namna hiyo, wakafa watu 13. Na mwaka 2000 manowari ya Urusi iitwayo Kursk ilizama na watu wake wote 118, na wachunguzi wakasema chanzo ni peroksaidi iliyovuja ndani ya bomu. Jina ni moja kuanzia chupa ya kidonda mpaka bomu la manowari. Kinachotofautiana ni kipimo. Kwa hiyo mwenye kuuliza "je, haidrojeni peroksaidi ni salama?" hajauliza swali kamili mpaka aseme ni ya nguvu gani, na ni kwa kazi gani.

NDANI YA VIWANDA VYA CHAKULA

Katika nyumba nyingi siku hizi mna maziwa ya pakiti ambayo hukaa miezi bila kuwekwa katika barafu. Mwaka 1961 kampuni ya Tetra Pak, ya Sweden, ilionyesha nchini Uswisi mtambo wa kwanza wa kutilia maziwa yasiyo na vijidudu ndani ya pakiti za karatasi. Maziwa yenyewe huuliwa vijidudu kwa joto kali la muda mfupi. Lakini ingekuwa na faida gani maziwa kuwa safi na pakiti kuwa chafu? Hapo ndipo peroksaidi inapofanya kazi. Karatasi hupitishwa katika hodhi la peroksaidi ya asilimia 35 hivi, iliyotiwa moto; kisha hukamuliwa na kupulizwa hewa ya moto mpaka ikauke, ndipo maziwa yatiwe na pakiti ifungwe.

Sheria ya Marekani, iliyoruhusu kazi hii mwaka 1981, haikuishia kusema "kaushweni". Imeweka kipimo: wakitia maji safi katika pakiti kwa njia ile ile watiayo maziwa, kisha wakayapima papo hapo, isionekane peroksaidi zaidi ya nusu ya sehemu moja katika sehemu milioni moja. Ni kama kusema gramu moja katika maji ya tani mbili.

Kazi nyingine ziko vivyo hivyo. Marekani huruhusu peroksaidi katika maziwa ya kufanyia jibini, isizidi sehemu 5 katika 10,000. Na katika wanga, mayai ya unga, chai ya unga iyeyukayo mara moja, na vitu vichache vinginevyo, kila kimoja kwa kiasi chake au kwa kadiri ya haja tu. Na juu ya yote imewekwa sharti moja: kiasi kitakachobaki kiondolewe kabla ya chakula kutoka. Katika jibini huiondoa kwa ile ile katalasi tuliyoitaja. Wajapani nao, ambao zamani waliitumia sana katika tambi na vyakula vya samaki, mwaka 1980 walikaza sheria yao, wakasema kwamba isibaki hata kidogo katika chakula kilichokamilika.

Mwenye akili na azingatie hapa. Kila mahali ambapo peroksaidi imeruhusiwa kukaribia chakula, imeruhusiwa kwa sharti la kuondoka. Ni kama mfagiaji aingiaye msikitini kabla ya sala: huifanya kazi yake, kisha hutoka na ufagio wake. Hakuna sheria katika hizi iliyosema peroksaidi ni chakula, wala kwamba mtu atapata faida akiikuta katika sahani yake.

BASI "DARAJA YA CHAKULA" NI NINI?

Kwa kuwa peroksaidi huvunjika yenyewe, watengenezaji huitia vitu vya kuituliza, kama misombo ya bati na fosfeti. Ile ya viwanda vya nguo au karatasi huweza kuwa na vitu hivi kwa wingi, pamoja na mabaki ya madini, wala haidhuru, kwani nguo hailiwi. Lakini yule atakayeipitisha juu ya pakiti ya maziwa hawezi kukubali hayo, kwa sababu peroksaidi itaruka na kupotea, na vile vitu vingine vitabaki.

Ndiyo maana pakawekwa vipimo. Kitabu cha Marekani kiitwacho Food Chemicals Codex, ambacho sheria ya huko hukitegemea, husema: risasi isizidi sehemu 4 katika milioni, chuma kisizidi nusu ya sehemu, bati lisizidi sehemu 10, fosfeti isizidi 50, na yakikaushwa yote, mashapo yasizidi sehemu 60 katika milioni. Peroksaidi iliyofuzu mtihani huo ndiyo iitwayo ya daraja ya chakula.

Sasa maana imedhihirika. Maneno hayo yasema juu ya kile kisichokuwamo ndani ya chombo: hamna risasi nyingi, hamna chuma kingi. Hayasemi neno lolote juu ya ukali wa kile kilichomo. Peroksaidi ya asilimia 35 iliyo safi ni kali sawasawa na ya asilimia 35 iliyo chafu. Makaa yaliyopepetwa vumbi lake hayaachi kuunguza. Na idhini ile imepewa kiwanda, chenye mitambo, vipimo na wakaguzi. Haikupewa tumbo la mwanadamu.

YALIYOWAPATA WALIOKUNYWA

Kipimo cha peroksaidi ya asilimia 35 hutoa hewa ya oksijeni kiasi cha mara 130 ya ukubwa wake. Fanya hesabu: kijiko kimoja cha mezani hutoa karibu lita 2 za hewa. Hewa hii yote hutoka ndani ya tumbo lililo na katalasi tele, kwa haraka na kwa joto. Kinywa na koo huungua. Tumbo hujaa likavimba na huweza kupasuka. Na kilicho kibaya zaidi, mapovu huingia katika mishipa ya damu yakaenda mpaka moyoni au ubongoni, yakaziba njia ya damu. Mtu aliyekunywa kwa kutaka afya huweza kupooza saa hiyo hiyo.

Haya si ya kukisia. Mwezi wa Julai 2006 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliwatangazia watu wasinywe peroksaidi ya asilimia 35 ya daraja ya chakula, na ikawaandikia wauzaji kuwaonya, ikieleza kwamba haijapata kamwe kuikubali kuwa ni dawa ya kunywa. Na mwaka 2017 madaktari wa nchi hiyo walichapisha uchunguzi wa miaka kumi wa watu waliokunywa peroksaidi iliyozidi asilimia 10. Walikuwa watu 294. Katika hao, 41 walionekana na dalili za hewa kuziba mishipa, na 20 ama walikufa ama walibaki na ulemavu. Wako waliokunywa kwa kudhani ni maji, kwa sababu ilikuwa imetiwa katika chupa isiyokuwa yake; na wako waliokunywa kwa kusudi la kujitibu.

Dini yetu imetuamrisha kutafuta tiba, wala haikutuamrisha kujaribu kila kinachosifiwa. Imetukataza kujidhuru na kumdhuru mwingine. Na wanazuoni wa fikihi wamelieleza jambo ambalo kila mpenda kuwashauri majirani zake alikumbuke: anayejitia kutibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa elimu ya tiba, hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Nia njema haimvui dhamana hiyo. Basi yule anayempelekea mgonjwa wa saratani chupa ya peroksaidi na maneno matamu, na ajue kuwa amebeba mzigo.

MAZIWA NA UAMINIFU

Liko jambo jingine linalotukaribia zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Maziwa mabichi yana ulinzi wake wa asili, na wataalamu waligundua kwamba kwa kutiwa kiasi kidogo mno cha thiosayaneti na peroksaidi ulinzi huo huamka, maziwa yakachelewa kuharibika. Majaribio ya jambo hili yalifanywa Kenya, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1979. Mwaka 1991 tume ya Codex Alimentarius, ambayo ni ya mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la chakula na la afya, iliweka mwongozo: kwa kila lita ya maziwa, miligramu 14 za thiosayaneti, kisha miligramu 30 za unga wa sodiamu pakabonati unaotoa peroksaidi. Peroksaidi inayopatikana hapo ni kama miligramu 8 na nusu tu katika lita. Kwa joto la nyuzi 30 maziwa hupata saa 7 au 8 za kufika kiwandani. Tena imeshurutizwa kuwa ni pale tu ambapo barafu haipatikani, na kwa mikono ya waliofunzwa, katika vituo vya kukusanyia maziwa.

Huo ndio mlango wa elimu. Lakini uko na mlango wa nyuma. Watafiti nchini Kenya wamekuta peroksaidi katika maziwa yaliyouzwa kwa watu, iliyotiwa na wachuuzi kwa kukisia, ili maziwa ya asubuhi yapate kuuzwa jioni. Mwenye kufanya hivyo hakuyasafisha maziwa yake. Ameificha hali yake. Mnunuzi hajui ametia kiasi gani, na pengine maziwa yale ni ya mtoto mchanga.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akizunguka usiku mjini Madina alimsikia mama akimwambia binti yake ayachanganye maziwa na maji. Binti akakataa, akamkumbusha kuwa Khalifa amekataza. Mama akajibu kuwa Khalifa hayupo, hawaoni. Binti akasema kwamba kama Umar hawaoni, Mola wake Umar awaona. Sayyidna Umar akampenda binti huyo kwa uaminifu wake, akamwoza mwanawe Asim. Na katika kizazi chao akatoka Umar bin Abdulaziz, Khalifa mwadilifu. Yale yalikuwa maji tu, ambayo hayamdhuru mnywaji. Itakuwaje basi kwa mwenye kuchanganya kitu kinachodhuru?

WAJIBU WA NYUMBA ZETU

Kwanza, peroksaidi kali haina kazi nyumbani. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2019, zimekataza kuwauzia watu wa kawaida iliyozidi asilimia 12. Anayeihitaji kwa kidonda au kusukutua na anunue ile ya asilimia 3 katika duka la dawa, afuate maelezo ya mwenye kujua, wala asiinywe. Hata ya kidonda isitiwe kila siku, kwani huunguza pia nyama changa inayotaka kuota.

Pili, isitolewe katika chupa yake ikatiwa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi, na mgeni wa usiku hawashi taa. Iwekwe juu, mbali na jua na jiko.

Tatu, ikimwagikia ngozi au jicho, oshwe kwa maji mengi kwa muda usiopungua dakika 15. Na mtu akinywa ile kali, asitapishwe, wala asingojewe mpaka dalili zionekane. Apelekwe hospitali upesi, na chombo chenyewe kichukuliwe ili madaktari wakione.

Nne, vijana wetu wasomao sayansi wawasomee wazee wao yaliyoandikwa juu ya vyombo viingiavyo nyumbani, wala wasitosheke na neno moja. Waulize mambo matatu: ni kitu gani, ni cha nguvu gani, na ni kwa kazi ya nani? Kijana aliyejifunza kuuliza hayo ameilinda nyumba yake.

Mwenyezi Mungu ametuhalalishia vilivyo vizuri, na uzuri wa kitu ni kuwa halali katika asili yake na salama kwa mwenye kukitumia. Tunamwomba Atupe elimu yenye manufaa, Awaafu wagonjwa wetu, Awahifadhi watoto wetu, na Atujaalie tuwe waaminifu katika tunachokiuza na wangalifu katika tunachokinywa. Amin.